Zizi Halina Likizo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu habari za ngeli, za tungo na za mitihani. Leo twaomba ruhusa yao tuingie zizini. Hatufanyi hivyo kwa mzaha. Walimu wengi wa pande hizi za Busia na Tororo ni wafugaji vilevile. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na aghalabu ng'ombe mmoja wa maziwa aliye nyuma ya nyumba ndiye alipaye karo, ndiye anunuaye sukari, na ndiye awafanyaye watoto wanywe chai ya maziwa badala ya mkandaa. Tukutanapo katika semina, dakika chache za kwanza huwa za lugha, na saa zinazobaki huwa za ng'ombe. Swali moja hurudi kila mara: mtu mwenye vipindi vingi, mwenye zamu, mwenye madaftari ya kusahihisha, azoe samadi mara ngapi?

Swali hili laonekana dogo. Walakini, kwa jinsi tulivyoliona likijibiwa katika boma hili na lile, limebeba afya ya mnyama, riziki ya nyumba, na wakati mwingine elimu ya mtoto. Yafaa basi tulijibu kwa makini.

Katika nchi za Ulaya swali kama hili huulizwa zaidi juu ya farasi. Lugha yetu yamjua farasi. Nani asiyejua kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba? Lakini mtoto wa Busia huikariri methali hiyo bila kumwona mnyama mwenyewe. Jijini Nairobi farasi hufugwa kwa ajili ya mbio na kazi za polisi, ilhali huku kwetu maradhi yamekuwa yakimzuia tangu zamani. Mbung'o humletea nagana, na visubi humletea maradhi mengine ambayo humwua kwa siku chache tu. Mnyama wetu wa kufungiwa ndani ni ng'ombe wa gredi, na sababu mojawapo ya kumfungia ni mbung'o yuyo huyo.

Nagana, neno tulilolipata kutoka Kizulu, si jambo la hadithi katika mpaka huu. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa ugonjwa huo na wa malale lilikuwa na makao yake Tororo, kwenye vilima vya Sukulu, hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikashika njia yake. Ng'ombe wetu wa asili huustahimili ugonjwa kwa kiasi fulani. Ng'ombe wa gredi hudhoofika upesi. Ndiyo maana wataalamu walishauri afungwe bandani, aletewe majani na maji hapo alipo. Katika miaka ya 2000 baadhi ya mabanda ya Busia, upande wa Kenya, yalizungushiwa nyavu zilizotiwa dawa ya kuua wadudu, maana mbung'o huruka chini chini. Mashirika nayo yalisaidia kueneza ufugaji huu. Send a Cow, kwa mfano, lilianza mwaka 1988 kwa kupeleka ng'ombe wa Uingereza nchini Uganda. Desturi ya mashirika ya namna hiyo ni kwamba apewaye mtamba hujenga banda kwanza, na ndama jike wa kwanza humpa jirani.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Ng'ombe wa machungani huacha kinyesi chake nyuma na kwenda zake. Jua, mvua na wadudu humalizia kazi. Ng'ombe wa bandani hula, hunywa, hunya na hulala mahali pamoja. Hawezi kuukimbia uchafu wake, kwa kuwa sisi tumefunga mlango. Amfungiaye mnyama amejitwika deni la kumsafishia, na deni hilo hulipwa kwa siku, si kwa mwezi. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa samadi mbichi zaidi ya kilo 20 kila siku, mbali na mkojo. Kwa juma moja ni zaidi ya kilo 140, yaani uzito wa watu wazima wawili. Na tukumbuke kwamba watu hao wawili wamelala pamoja naye.

Mwalimu mwenzetu mmoja, hodari wa fasihi, alijiwekea kanuni ya Jumamosi. Siku tano za juma alikuwa shuleni tangu alfajiri hadi magharibi, na Jumapili alikuwa na shughuli za kanisa. Hivyo Jumamosi ndiyo ikawa siku ya zizi. Yeye na wanawe wawili waliingia na beleshi, karai na wilbaro mapema asubuhi, wakatoka adhuhuri wakiwa hoi. Wakati wa kiangazi mambo yalikwenda. Zilipoanza mvua za mwezi wa Machi, sakafu iligeuka tope, na ng'ombe akawa amesimama ndani yake kupita kwato. Akakataa kulala. Sasa, ng'ombe hulala ili apumzike na kucheua. Asipolala hupungua maziwa. Na siku alipochoka, alilala palepale kwenye tope, kiwele kikiwa chini.

Haukupita muda kiwele kikavimba upande mmoja. Maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo aliitwa, sindano zikapigwa, na kwa siku zote za dawa maziwa yakamwagwa, kwa kuwa si halali kuyauza wala kuyanywa. Mwishowe ng'ombe alipona, lakini chuchu moja ilikauka na haikurudi tena. Muhula huo binti wa mwalimu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Mwenzetu alituambia maneno haya: "Nilidhani naokoa wakati."

Tangu hapo tumekuwa tukiwauliza wafugaji wa pande zote mbili za mpaka, tukiwasikiliza madaktari wa mifugo, na tukipima kazi ya zizi letu wenyewe kwa saa ya mkononi. Tumeona kwamba swali "mara ngapi" halina jibu moja, kwa sababu kazi yenyewe si moja. Zizi lina kazi ya siku, kazi ya juma na kazi ya majira. Anayezichanganya zote tatu katika siku moja ndiye alemewaye.

Kazi ya siku hufanywa mara mbili, asubuhi na jioni, kabla ya kukama. Ni kuzoa kinyesi kibichi kilicho njiani na mahali pa kulala, na kuondoa majani yaliyolowa. Katika zizi la ng'ombe mmoja kazi hiyo huchukua kama robo saa. Wakati wake haukuchaguliwa bure. Baada ya kukamwa, tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda wa kama nusu saa. Ng'ombe akilala mara moja penye uchafu, vijidudu huingia, na huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa kiwele. Basi mfugaji mwerevu husafisha kwanza, hukama, kisha hutia majani mabichi ndani ya hori. Ng'ombe husimama akila, na tundu hufunga taratibu.

Kazi ya juma ni kutoa matandiko yote, kusugua sakafu kwa maji, na kufungua mfereji wa mkojo. Hapa anayetupangia ratiba ni nzi. Katika joto la kwetu, yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, na mabuu yake hukulia katika samadi na majani yenye unyevu. Akiondoaye kila kitu kabla ya siku 7 kupita huwatoa mabuu kabla hawajapata mabawa. Angojaye wiki mbili huwa amefuga nzi pamoja na ng'ombe. Hivyo Jumamosi ya mwenzetu haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba ilikuwa peke yake.

Kazi ya majira ni kumwaga shimo la samadi shambani kabla ya kupanda, kuziba mashimo ya sakafu, na kutazama paa kabla mvua hazijaanza. Mvua zikianza, kazi ya siku yaweza kuongezwa ikawa mara tatu, hasa kama sakafu si ya saruji. Kiangazi kikiwa kikali, mara mbili zatosha.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kumwongezea mwalimu mzigo. Na tuhesabu. Robo saa mara mbili kwa siku ni saa tatu na nusu kwa juma. Tuongeze saa moja ya kusugua siku ya Jumamosi. Jumla ni saa nne na nusu. Mwenzetu na wanawe walitumia Jumamosi nzima hadi adhuhuri, watu watatu, migongo mitatu. Sababu yaeleweka. Kinyesi cha usiku mmoja huinuliwa na beleshi kama andazi. Kilichokanyagwa kwa juma zima, kikachanganyika na mkojo na mabua, hushikamana na sakafu kama ukuta uliokandikwa, na sharti kibomolewe kwa jembe. Walimu twalijua jambo hili katika kazi yetu. Madaftari ya darasa moja yakisahihishwa kila siku huchukua nusu saa, na mtoto hupata kosa lake lingali bichi. Yakirundikwa hadi mwisho wa mwezi, hugeuka mlima usiomnufaisha mtoto wala mwalimu.

Lakini kusema "mara mbili kwa siku" bila kusema "nani" ni kuacha nusu ya swali. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mvulana darasani aliyefika kila siku kipindi cha kwanza kikiwa katikati. Hakuwa mtundu. Tulipomwuliza kwa upole alisema kwamba hulazimika kuzoa zizi la babu yake, kuosha miguu, kisha kutembea hadi shuleni. Tulikwenda kumwona babu. Alitukaribisha vizuri, tukaketi chini ya mwembe.

"Mzee," tulimwambia, "kijana wako anapoteza somo kila siku."

Naye akajibu, "Mwalimu, maziwa ya ng'ombe huyu ndiyo karo yake. Akiacha zizi, ataacha shule yenyewe. Niambie basi, nishike lipi?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatukutaka kumhubiria. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Tulipotazama zizi, tuligundua kwamba jioni halikuguswa kabisa. Uchafu wa mchana na wa usiku wote ulimngoja kijana alfajiri. Tulimwomba mzee wagawane: kijana azoe jioni atokapo shule, naye mzee, kwa kadiri ya nguvu zake, aondoe kilichobaki asubuhi. Hakukubali siku hiyo. Alisema atafikiri. Baada ya wiki mbili kijana alianza kufika mapema, si siku zote, lakini siku nyingi kuliko zamani. Yapo mabanda mengine mengi ambamo mtoto, na mara nyingi zaidi mama wa nyumba, huachiwa kazi hii pasipo mtu kuuliza ana kazi gani nyingine. Mwalimu asemaye hana nafasi hana budi kujiuliza ni nafasi ya nani anayoitumia.

Katika hilo tulijifunza jambo upande wa Tororo, kwa mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wawili. Ukutani mwa banda lake aliandika kwa mkaa siku za juma, na mbele ya kila siku jina la mtu wa asubuhi na la mtu wa jioni. Majina ya wavulana na ya wasichana yalikuwa sawa kwa hesabu, na lake lilikuwa la kwanza. Yote yameandikwa kwa Kiswahili, alichojifunza kwa kuuza ndizi katika soko la Busia, miaka mingi kabla ya baraza la mawaziri la Uganda kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tuliposifu mpango wake alicheka, akasema, "Mwalimu, ninyi mna zamu shuleni. Zizi nalo lina zamu. Tofauti ni kwamba zizi halina likizo."

Maneno hayo yatufaa sisi walimu kuliko watu wengine. Mwezi wa Agosti na wa Desemba hufunga shule, tukasafiri kwenda harusini, matangani au kwa wazazi. Nzi hafungi. Baadhi yetu sasa tumepatana na majirani: juma hili wewe wanisafishia, juma lijalo nami nakusafishia, na mwenye kusafisha huchukua maziwa ya asubuhi. Hakuna fedha inayopita, na hakuna ng'ombe anayelala kwenye tope.

Je, si afadhali kuajiri kijana akafanya yote? Mwenye uwezo na aajiri, na amlipe ipasavyo. Hata hivyo twamshauri asijitoe kabisa zizini. Azoaye ndiye aonaye. Kinyesi cha maji, chenye damu, au chenye punje nzima nzima hutoa habari ya tumbo kabla ng'ombe hajaacha kula. Achechemeaye huonekana anaposogezwa kupisha beleshi. Tena kuna jambo la kupandisha. Ng'ombe huonyesha dalili za kutaka dume hasa alfajiri na jioni, na dalili zenyewe hudumu kwa saa chache tu. Zikipita bila kuonekana, hurudi baada ya siku kama 21. Majuma matatu ya chakula bure, kwa sababu hakuna aliyekuwa zizini wakati ufaao! Aingiaye mara mbili kwa siku na beleshi mkononi huziona bila kuzitafuta.

Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, tuseme neno kuhusu maneno. Wanafunzi hutuuliza tofauti ya mavi, kinyesi na samadi, wengine wakiona haya kulitamka la kwanza. La kwanza ni la Kibantu na la zamani. Ndilo la nyumbani, ingawa mbele za watu huonekana kali. La pili ni la adabu na la ofisini. La tatu limetoka katika Kiarabu, nalo halitaji uchafu kamwe, hutaja mali. Kitu ni kilekile, lakini kikiwa chini ya kwato za ng'ombe hatukiiti kwa heshima, na kikifika shimoni au shambani hupewa jina jema. Twaona kwamba lugha hapa imepima vizuri. Kinachogeuza kinyesi kuwa samadi ni kuondolewa mahali pake kwa wakati wake. Katika zizi la mwenzetu kilikaa juma zima, kikaharibu kiwele. Shambani kingeotesha mahindi.

Na mahindi ya huku yanakihitaji sana. Mashamba mengi ya Busia na Tororo yamelimwa miaka na miaka bila kurudishiwa chochote, na udongo uliochoka ndio upendwao na gugu la striga, ambalo jirani zetu Wajaluo huliita kayongo. Gugu hilo huchipuka na maua yake ya zambarau, mizizi yake ikinyonya mizizi ya mahindi. Udongo wenye rutuba hulidhoofisha, na samadi iliyoiva ni mojawapo ya dawa zilizo karibu nasi. Yaliyobaki huotesha majani ya nepia, na nepia hurudi katika hori. Hivyo beleshi la alfajiri si kazi ya kutupa taka. Ni mwanzo wa mavuno ya msimu ujao.

Basi, mwalimu mwenzetu, ukiulizwa azoaye azoe mara ngapi, jibu hivi: asubuhi na jioni kidogo, kwa juma mara moja kabisa, na kila majira kwa ukamilifu. Ukiwa na nafasi ya jambo moja tu siku hiyo, liwe lile la kabla ya kukama. Ratiba ya shule imepangwa na watu, nao waweza kuibadilisha. Ile ya nzi na ya chuchu haibadiliki. Iandike ukutani, weka jina lako kwanza, na wapangie wengine kwa haki. Kisha uende darasani ukafundishe. Ng'ombe wako atakuwa amelala pakavu, akicheua.